Mwezi wa Mashine na Pilau ya Mzee Sadiki

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa nikanawe mikono. Nilikuwa nimetoka Rumonge alfajiri, juu ya lori la mapipa ya mawese, na mama alikuwa amenifungia bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Nilikula tulipofika Kabezi, nikajipangusa kwa suruali, nikaingia ofisini Bujumbura nikiwa mtu mwenye furaha. Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya mlingotini, na kampuni yetu ya mawese na samaki ilikuwa inatafuta vijana wa nchi waliosoma wa kuingia katika idara ya mashine.

Shefu wa idara, Mbelgiji mrefu aliyepiga pasi hata soksi, alinipa kadi moja niishike. Niliporudisha, vidole vyangu vyote vitano vilikuwa vimejichora juu yake kwa rangi ya chungwa. Aliinusa.

"Hii ni nini?"

"Mawese, Bwana Shefu."

"Na hii nyingine?"

"Ndagala, Bwana Shefu."

Alinielekeza kwenye bomba la maji nje. Kadi yenye mafuta inanata na mwenzake, mashine inazimeza mbili kwa pamoja, na mtu wa Nyanza-Lac analipwa mshahara wa mtu wa Gatete. Kwa miaka yote niliyokaa pale, wenzangu waliniita Mawese, na nawaambia ninyi vijana mnaokula chipsi juu ya vibao vyenu vya herufi kwamba mngefukuzwa kazi kabla ya saa nne.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kadi ni karatasi ngumu, ndefu kuliko kiganja. Unakaa mbele ya mashine ya kutoboa, unasoma jina la mvuvi na uzito wa samaki wake, unabonyeza, na mashine inatoboa matundu. Tundu hapa ni saba, tundu pale ni tisa. Kadi zikishajaa zinapelekwa kwa mashine kubwa, ambayo inasoma matundu hayo na kujumlisha. Mtoboaji hahesabu kitu. Anatoboa tu, mgongo unauma, usiku anaota matundu.

Baba yangu, Mzee Sadiki, alikuwa fundi cherehani kule Rumonge, katika mtaa wa Waswahili. Babu yake alitoka Ujiji, na baba hakuacha mtu yeyote asahau. Kila nilipokwenda likizo aliniuliza jambo lilelile mbele ya wateja, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga.

"Mashine yangu inatoa suruali. Yako inatoa nini?"

"Inatoa hesabu, baba."

"Hesabu unaivaa wapi?"

Wateja walicheka, nami nikacheka kwa shingo upande. Iliniuma. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kiume pekee, na cherehani ya pili ilikuwa imekaa pale dukani, imefunikwa kitambaa, ikinisubiri kama mchumba.

Miaka michache baadaye kampuni ilileta ordinateri, ndiyo kompyuta mnayoisema leo. Ilichukua chumba kizima na ilikuwa na akili ndogo kuliko simu ya mjukuu wangu. Lakini hiyo haikujumlisha tu. Uliweza kuiandikia programu, yaani maagizo hatua kwa hatua, nayo ikayafuata bila kunung'unika. Nilipoona mara ya kwanza nilisahau kula, jambo ambalo wenzangu walilisimulia kwa muda mrefu. Nikajiwekea lengo palepale: sitakufa mtoboaji, nitakuwa mwandishi wa programu.

Bwana Mkurugenzi alitangaza kwamba mmoja wetu atapelekwa Ulaya kusoma kazi hiyo, miaka miwili. Shefu aliniita pembeni.

"Wewe Mawese, unapenda sana kile chumba. Niandikie programu yako mwenyewe, ifanye kazi, nitakupeleka. Lakini ulete ruhusa ya baba yako. Yule tuliyempeleka mwanzo, ukoo wake mzima ulikuja kulala hapa barazani wakidai tumemuuza."

Programu haikunitisha. Kilichonitisha ni baba. Tena mwaka ule alikuwa ametuma neno: Ramadhani ikiisha, nirudi nyumbani nikalie cherehani ya pili. Nilihitaji kitu ambacho Mzee Sadiki angekielewa bila kukivaa.

Nikachagua mwezi. Mtu wa ziwa hili haulizi kwa nini. Wavuvi wetu wanawavua ndagala kwa taa, na taa inafaa gizani tu. Mwezi ukiwa mpevu ndagala hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanakuwa na nafasi, na hapo ndipo wanaoa, wanashonesha nguo, na baba anapata kazi. Nilijifundisha mwenyewe baada ya saa za kazi, kwa kitabu cha Kifaransa nilichokielewa nusu. Programu ilipokamilika, ilipiga chapa tarehe za mwezi kuzaliwa na mwezi kupevuka kwa mwaka mzima. Nilizilinganisha na miezi iliyopita, zikakubali. Shefu alizitazama kwa muda, akasema, "Sasa lete baba."

Nilifika Rumonge siku za mwisho za Ramadhani. Baba aliisoma karatasi mara tatu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Hii mashine yako iko inajua mwezi?"

"Inajua, baba."

"Na Idi?"

"Inaonyesha mwezi unazaliwa Jumatano."

Hapo ningeongeza maneno mawili matatu, lakini alishatoka nje. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Idi ni Alhamisi, imethibitishwa na ordinateri ya Bujumbura. Mtu ambaye miaka yote aliiita mashine yangu kinu kisicho na unga sasa alikuwa anaisemea barazani kama mwanawe wa pili.

Jumatano jioni watu walishuka ufukweni kuangalia. Baba hakwenda. Alisema haoni sababu ya kuchosha shingo. Nilikwenda mimi, na mbingu ilikuwa safi, jua likazama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, tukakodoa macho mpaka yakatoa machozi. Hatukuona kitu. Imamu akasema kesho tunafunga. Nilirudi nikamwambia baba.

"Hawakuuona hapa," alisema. "Wenye macho wameuona Kigoma. Habari itafika asubuhi."

"Baba Idrisa, subiri," mama alimwambia. Idrisa ndiye mimi.

Hakusubiri. Alfajiri alichinja mbuzi wawili, akawasha moto chini ya masufuria yaliyoazimwa mtaa mzima, akavaa kanzu mpya na kwenda msikitini kuswali Idi. Aliwakuta watu na nguo zao za kila siku, wamefunga. Kutoka Kigoma haikufika habari yoyote. Alirudi, akakaa mbele ya cherehani na kanzu yake mpya.

Pilau haina aibu. Iliendelea kuiva. Ilipofika saa nne harufu ilikuwa imeshika mtaa wote, karafuu na mafuta ya mbuzi, na waliofunga walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu wamejifunika pua. Akaja mjumbe, mzee mwenye adabu.

"Amahoro, Mzee Sadiki. Imamu anakusalimia. Anaomba harufu iondoke."

Mama ndiye aliyetuokoa. Jirani yetu Mateso, mvuvi aliyetoka Kivu Kusini, alikuwa kiongozi wa kwaya ya Wapentekoste. Mama alimwita. Mateso alikuja na kwaya nzima, pamoja na sauti za pili ambazo sikuwahi kuzisikia zikiimba. Wakaketi uani kwetu, wakala Idi ya Waislamu siku moja kabla ya Waislamu. Baba, amefunga, alisimama katikati akiwapakulia.

"Mzee, murakoze sana," Mateso alisema, mdomo umejaa. "Hii Idi iko nzuri. Mwaka kesho muifanye tena hivihivi."

Jioni ile mwezi ulionekana, mwembamba, umepanda vizuri juu ya milima. Na siku ya Idi yenyewe, kwetu hakukuwa na hata mfupa. Kwaya ilirudisha masufuria yetu yamejaa bugali na samaki wa mukeke wa kuchoma, na ndiyo Idi tuliyokula.

Baada ya swala baba alinishika mkono hadi kwa imamu. Nilidhani ananipeleka kuomba radhi.

"Imamu, ule mwezi wa Jumatano, ulikuwepo au haukuwepo?"

Imamu alitabasamu. "Kwa umri wa ule wa jana, nadhani ulikuwepo, Sadiki. Sisi tunaangalia, hatukadirii."

Baba akanigeukia. "Kama ulikuwepo, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya milima ya Kongo, baba. Ulikuwa mchanga, ulizama mapema. Mashine inajua mwezi umezaliwa lini. Haijui kwamba sisi tuna milima mbele yetu."

"Mashine ya pesa zote zile haijui milima ya Kongo?"

"Haijui."

"Nani ataiambia?"

"Mimi, nikisoma."

Nilijua ameaibika mbele ya mtaa, nikajua cherehani ya pili inafunuliwa leo. Akasema, "Basi nenda ukaiambie. Lakini sijasema hiyo ni kazi."

Shefu nilipomsimulia alicheka mpaka akakalia kadi safi. Mkurugenzi alitia saini, nikaenda. Kule nilijifunza programu, nikajifunza kupanda baiskeli kwenye theluji, na saa za mapumziko niliendelea na mwezi wangu, sasa ukiwa na milima ndani yake.

Nilikuwa ningali huko mwaka wa sabini na mbili ulipofika. Mauaji yaliyotokea Rumonge mnayajua, na asiyejua amuulize mzee wa nyumbani kwake kwa upole. Kuna majirani sikuwaona tena, na hapo sina mzaha. Kwa miezi mingi sikujua kama nina wazazi. Kisha neno likafika kwamba Mateso aliwavusha kwa mtumbwi wake hadi Kigoma, wao na cherehani moja. Ruhusa ya baba ndiyo iliyonifanya niwe mbali, na hilo sijalizoea mpaka leo.

Sasa nimestaafu, nimerudi pwani hii, nina michikichi miwili na mjukuu anayenifundisha lugha mpya za programu kwa ukali kuliko shefu yeyote. Najifunza taratibu, nasahau haraka, nafurahi. Vijana wa hapa Rumonge wanaosomea kazi hii huja kuniuliza lini hasa nilifikia lengo langu. Wanadhani nitataja diploma. Diploma ninayo, iko ndani ya sanduku, panya wameonja kona.

Nilifikia lengo Kigoma. Nilitoka Ulaya moja kwa moja hadi kwao, nikiwa na nafasi ya kazi katika ofisi moja ya Dar es Salaam yenye ordinateri. Baba alikuwa anashona barazani kwa mtu, kakonda, ndevu zote nyeupe, wateja wamekaa kwenye benchi wanangoja. Mama alilia. Baba alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasikiliza habari ya Dar es Salaam, akauliza ninaanza lini. Nikamwambia Jumatatu.

Alivua utepe wa kupimia shingoni. Mteja wa kwanza alianza kusimama, baba akamkalisha kwa mkono.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Huyu ni mwanangu, iko na kazi yake Dar es Salaam, na hawezi kuiendea na shati hili." Akanipima mabega, akanipima mkono. "Simama wima, Idrisa. Unatikisika, nitakosea kipimo."