Ndiyo Kabla ya Swali

Kamati ya kwaya yetu pale Mpui ina watu saba na jibu moja. Mwenyekiti akisema tushone sare mpya, ndiyo mwenyekiti. Akisema tusishone, ndiyo mwenyekiti. Mimi nilikuwa katibu, na miaka yote hiyo niliwacheka moyoni, kwa kuwa nilijiona mtu pekee mle ndani anayefikiri kabla ya kufungua mdomo. Nayasema haya mapema ili msije mkanihurumia huko mbele.

Nilikuwa na kompyuta mpakato kuukuu niliyoinunua mjini Sumbawanga, nikaiwekea Linux, mfumo wa bure. Programu zake sikuziweka kwa kubofyabofya kama watu wengine. Nilifungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya Flatpak, njia mojawapo ya kupakua na kuweka programu, herufi kwa herufi, nikabonyeza, maneno yakaanza kuteremka yenyewe. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga huanza kupapasa rozari mfukoni kwa kuogopa uchawi. Mimi nilipofungua dirisha lile, wenyeji wenyewe ndio waliosogeza viti nyuma. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliniuliza kwa upole kama paroko anajua. Siwafichi, nilifurahi mno.

Niliwaeleza, kwa sauti ya kufundishia chekechea, kwamba kila programu ya aina hii hukaa ndani ya boksi lake. Ni kama mkwe aliyekuja na godoro lake na sahani zake: anaishia sebuleni, chumbani haingii mpaka aruhusiwe. Nami sikuruhusu. Programu ya kuandikia nota niliipiga marufuku kugusa faili nyingine yoyote ya kompyuta, bila sababu isipokuwa kwamba amri ya kuizuia nilikuwa naijua. Kwa hiyo kila nilichoandika kilihifadhiwa humohumo boksini. Na kwa kuwa mashine ina tabia ya kuuliza kama una hakika kila unapotaka kuweka au kuondoa kitu, nilizoea kumalizia amri zangu kwa -y, yaani jibu ni ndiyo, usinipotezee muda. Nilisema maswali tuwaachie kamati.

Nota zenyewe zilikuwa za mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyetufundisha sote, hata mwenyekiti. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, na penseli alishaiweka chini. Mwaka aliofiwa na mke wake alitunga wimbo wa Kifipa wa kushukuru mavuno ya ulezi, akawa anautunza kichwani tu, na kichwa nacho kilikuwa kimeanza kupoteza vitu. Aliomba jambo moja: ausikie ukiimbwa wote, sauti nne, kwenye misa ya mavuno, kabla hajausahau.

Nilikaa naye wiki tatu barazani kwake. Yeye anaimba do re mi, mimi nachapa. Sauti ya pili ndiyo iliyotuchukua muda. Alisema hakuitunga yeye; ndivyo mke wake alivyokuwa akimfuatisha walipopepeta ulezi, kwa hiyo ilibidi anyamaze kwanza, amsikilize, ndipo anipe. Mwenyekiti alinishauri ninakili pia kwenye daftari. Nikamwambia daftari tuwaachie watoto wa darasa la pili.

Jumapili moja baada ya misa, wiki mbili kabla ya mavuno, kamati ikataka kuona kazi. Programu ikagoma kufunguka. Mwenyekiti akakohoa kidogo, kikohozi chake kile, na wajumbe wakakohoa naye. Damu ikanichemka. Nikasema ngojeni niwaonyeshe programu inavyong'olewa na kupandwa upya, mkasimulie nyumbani. Nikaandika amri ya kuing'oa, nikaongeza kipande cha kufuta na takataka zake zote, maana kung'oa nusunusu ni kazi ya wasiojua, na mwishoni, kwa mkono uliozoea, -y. Ikang'oka. Nikaipakua upya kwa bando la simu, nusu saa nzima, huku nikihutubia. Ikafunguka bila shida. Wakanipigia makofi. Nikafungua orodha ya nyimbo, na orodha ilikuwa tupu.

Takataka zake ndizo zilizokuwa wimbo wa mzee. Nilipekua kompyuta nzima, kila mahali nilipokuwa nimeikataza programu isifike, na kweli haikuwa imefika. Amri zangu zilikuwa zimetiiwa barabara. Mwenyekiti hakukohoa. Heri angekohoa.

Nilimkuta mzee uani, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Shikamoo nilitoa, marahaba nikapata, nikamwambia moja kwa moja kwamba wimbo umefutika na aliyeufuta ni mimi. Mikono yake iliendelea mpaka gunzi lile likaisha.

"Mashine haikukuuliza?"

"Ingeuliza, Mwalimu. Nilishaiambia jibu ni ndiyo."

Hakunitukana. Alinituma nikatafute daftari, nami nikaenda kuliomba kwa mwenyekiti, ambaye alinipa na kalamu juu yake. Tukaanza upya. Sauti ya kwanza ikaja. Ya tatu na ya nne zikaja, zikichechemea. Kwenye ya pili alinyamaza kusikiliza, kama mara ile. Akaimba mstari mmoja, akatikisa kichwa, akasema huo ni wake yeye, siyo wa mke wake. Akanyamaza tena, mpaka kuku wakaja kudonoa mahindi miguuni pake na hakuwafukuza. Nililia, na sikujali kama ananisikia.

"Andika tatu, mwanangu," akasema. "Mstari wa sauti ya pili uache wazi."

Mwenyekiti alipendekeza kwamba akina mama wa sauti ya pili wajiunge na sauti ya kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu niijue, kamati ilisema hapana. Siku ya misa walisimama mahali pao, na sare zao, midomo wameifunga, wimbo wote. Mzee alikaa benchi la mbele, na tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa amewaelekezea sikio wao.