Mwisho wa Wimbo wa Mabasi

Jirani yangu hapa mtaani Free Area hutunga muziki wa matangazo. Hata akingoja chai hugonga mdundo kwenye goti, kisha husita kidogo na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Mwaka huu kampuni ya mabasi ya mjini ilimwomba wimbo wa tangazo la redio. Wenye mabasi waliupenda. Yeye kila akiusikia redioni alikunja uso, akasema mwisho wake unaanguka.

Jumamosi moja Mama Sitati, mjane tunayeishi naye ploti moja ya nyumba za kupanga, alikuwa akianika nguo huku akiuimba wimbo huo. Alikosea pale mwishoni: badala ya kushusha sauti, aliipandisha. Jirani akatoka mbio bila viatu.

“Mama Sitati, hebu rudia hapo mwisho.”

“Kwani nimekuharibia wimbo?”

“Hapana. Umenimalizia.”

Akarudia kwa aibu, shuka lililolowa likimchuruzikia miguuni, na jirani akasikiliza akiwa amefumba macho. Baadaye aliwasihi wenye mabasi hadi wakakubali urekodiwe upya, Mama Sitati akiumalizia. Siku hizi tangazo likichezwa, jirani huongeza sauti ya redio pale anapoingia mama huyo.