Suruali Niliyoiacha Kitandani

Jamani, hii nitaisema mara moja tu, na mkitaka kucheka chekeni mkiangalia kando, kwa sababu hata leo mtu akitaja Kithyoko masikio yangu yanapata moto.

Mimi na rafiki yangu Musyoka tulikuwa tumepanga kuendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi, tukifuata bahari, na Musyoka (ambaye akisoma kitu kwa simu kinageuka sheria) akasema lazima kwanza tujipime siku nzima huku kwetu, tutoke Machakos mjini alfajiri, tupite Matuu, tufike Kithyoko, na mizigo yote mgongoni kama tunaoenda Pwani kweli. Asubuhi hiyo nikaliinua begi, nikaliona zito, nikatoa suruali. Hiyo tu. Suruali moja ya kitambaa, nikaitupa kitandani nikaondoka na kaptura ya kubana, ile yenye sponji makalioni, ambayo (Musyoka tena) huvaliwa bila kitu kingine ndani.

Sasa, Jumamosi iliyofuata nilikuwa napeleka kwa kina Mwende, mchumba wangu, ntheo, yaani wale mbuzi wa kwanza ambao Mkamba asipowapeleka hana mke, hata kama ameshazaa naye watoto wanne. Kwao ni huko huko Kithyoko, lakini boma lenyewe sikulijua, na wazazi wake hawakuwa wamewahi kuniona. Mwende alinionya: "Pita mbio. Mum akikuona umevaa hivyo, hizo mbuzi utakula na Musyoka." Kwa wasiojua, kwetu kati ya mtu na mama mkwe kuna nthoni, heshima iliyochanganyika na haya: humpi mkono, hamtaniani, ukikutana naye njiani unampisha mbali. Akikuona nusu uchi, hilo ni jambo la wazee kuitwa.

Tulipokaribia soko la Kithyoko, saa saba jua likiwa utosini, tairi langu la nyuma likala mwiba. Musyoka akiwa mbele huwa hageuki, akaenda zake. Nikashuka, nikapindua baiskeli, nikachuchumaa kutoa tairi, na hapo nikasikia chaaa! Upepo ukaingia mahali ambapo haujawahi kualikwa.

"Kijana," sauti ikasema nyuma yangu, "umepasuka."

Alikuwa mama mmoja wa makamo, mwavuli mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Hakucheka. Alitoa leso begani akanirushia huku akiangalia upande wa barabara. Nikajifunga. Leso ilikuwa imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na maandishi yakakaa pale pale palipopasuka.

"Kwangu ni hapo tu," akasema. "Kuja nikutafutie suruali ya mzee. Hauwezi enda hivyo, utapigwa picha na simu za watu."

Njiani, nikisukuma baiskeli, aibu ikanifanya niropokwe (mimi nikiona haya huwa siwezi kunyamaza, ni ugonjwa). Akaniuliza kama nimeoa, nikamwambia karibu, shida ni mama mkwe, nasikia ni mkali mpaka jogoo wake huomba ruhusa kabla ya kuwika. Mama akacheka mpaka akasimama, akaweka kikapu chini.

"Tuko wakali kwa sababu tunawajua," akasema. "Hata mimi niko na wangu anakuja Jumamosi."

Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo. Lakini ilikuwa Desemba, na Desemba kila njia Ukambani ina mbuzi wanaopelekwa kwa watu, kwa hiyo nikamjibu, tena kwa mkono kiunoni, "Huyo mpe shida kidogo, Mama! Mngojeshe kwa jua. Vijana wa siku hizi tumezoea mteremko."

"Nitamngojesha," akasema, na tukacheka tena wote wawili.

Nyumbani akanikalisha kwenye kiti cha mzee wake (mwenyewe alikuwa ameenda mnadani), akanipakulia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaingia chumbani kutafuta suruali. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Sahani ilipokuwa nusu nikainua macho ukutani. Mwende. Mwende wangu, na kofia ya mahafali, ananiangalia.

Nilitaka kukimbia lakini leso ilikuwa imelegea, nikawa naishika kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine, na mama akauliza kutoka chumbani, "Na unaitwa nani, mwanangu?"

"Peter," nikasema. "Wa Kitui."

Mungu akanijibu papo hapo. Musyoka alikuwa amerudi kunitafuta, akaona baiskeli yangu nje, na akapiga kelele akiwa bado barabarani: "Mutua! Wewe Mutua! Nimemweleza Mwende kwa simu boma lenye baiskeli yako, anasema usisimame hapo, hapo ndio kwao!"

Mama alikuwa mlangoni mwa chumba, suruali ya mzee mkononi. Aliniangalia, akaiangalia leso, akaiangalia picha. Aliinua ile suruali akajifunika nayo uso, akageuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Musyoka aliniziba tairi mbio mbio barabarani, nikaendesha mpaka Matuu na leso yake kiunoni, na sitasema malori yalinipigia honi mara ngapi.

Jumamosi tulienda, mimi nikiwa na suti, wajomba zangu na mbuzi. Tulingoja langoni, juani, mpaka saa tisa. Mjomba alipoanza kukasirika, shangazi wa Mwende akatoka na kifurushi cha gazeti, akakifungua mbele ya wazee wa pande zote mbili. Suruali.

"Mama ya Mwende anasema kuna kijana wa baiskeli alimshauri amngojeshe mkwe kwa jua," akasema. "Amemaliza kungojesha. Anasema pia hii ni ya Peter wa Kitui, kama mnamjua."

Mbuzi walipokelewa. Lakini tangu siku ile mama mkwe akiniona huvuka barabara na kuinamisha uso, nami huinamisha wangu. Najua ndiyo nthoni, ndivyo inavyotakiwa, wala hakuna mtu wa kumlaumu. Ila mimi nakumbuka alivyoweka kikapu chini ili acheke vizuri, na najua hatacheka nami tena maisha yangu yote. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko mpasuko.

Malindi tunaondoka mwezi ujao. Musyoka amepima begi langu akasema limezidi, nipunguze kitu. Nimempa pampu yake. Suruali ya mzee haitoki.