Nilivyomtania mzee wa watu kuhusu barabara yao

Jamani, leo nimemtania mtu asiye mtani wangu. Tena msibani.

Jirani yetu hapa Kipawa kafiwa na mama yake, na wanasafirisha maiti kwao kusini, mpakani kabisa na Msumbiji.

Watani msibani mnatujua: tunawachokoza wafiwa mpaka wacheke. Sasa nikamwona mzee mmoja mkekani, kaka wa marehemu. Watani wangu wanatokea hukohuko, nikajua na huyu ni wangu. Hata kabila sikuuliza!

Nikapaza sauti: "Nyie na barabara yenu isiyokwisha! Lami ikiishia porini, marehemu mtamsukuma kwa toroli?"

Hakucheka mtu.

Mzee akaniangalia. "Mwanangu, mie siyo mtani wako. Wakati wa Ujamaa tulihamishwa kwenye mashamba yetu, tukapangwa kando ya hiyo barabara, tukaambiwa lami inakuja. Mke wangu akashikwa uchungu. Tukambeba kitandani kuifuata lami ilipoishia. Hatukuifikia."

Kilichonitoka ni, "Shikamoo, baba."

Ndiyo kwanza namwamkia! Nimeanza na utani, salamu sijatoa.

"Marahaba," akajibu, akasogea kunipa nafasi mkekani. Wali ulipoletwa akachukua birika, akaninawisha mikono. Mzee wa umri ule, mfiwa, ananimwagia maji mie!

Semeni ukweli, nyie mngeweza kulimeza hilo tonge?