Bakteria Wasio na Mkia

Mimi kitu kikininyookea mno, nakishuku. Wenzangu katika maabara ya Kitale walishangilia bakteria wetu walipokufa wote kwa siku moja. Mimi nilikosa hamu ya chakula cha mchana.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Ndani ya bakteria mna protini nyingi, nasi tulitaka kujua ni ipi bakteria hawezi kuishi bila yake. Tulichagua moja, tukabadilisha jeni yake ili itokee na kimkia. Ukitia kemikali fulani, kimeng'enya cha bakteria mwenyewe kinautambua mkia ule na kuitafuna protini hiyo peke yake. Bakteria akifa, umejua pa kuelekeza dawa ya kesho. Mkuu wetu aliniagiza niongeze kemikali maradufu, tusichelewe. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na ripoti nzuri ndiyo ingeniletea mwingine.

Jumamosi nilienda nyumbani Kanduyi. Baba mdogo alikuwa amekuja, na tangu tumzike baba, yeye na mama walikuwa wanagombania mpaka wa shamba. Mama alimimina uji wa wimbi, akaonja kikombe kile kile mbele yake kuonyesha hakina sumu, kama desturi yetu inavyotaka, ndipo akampa.

"Usije ukanishuku, shemeji," akasema.

"Nakushuku bado. Onja tena," baba mdogo akajibu.

Nilicheka, kisha nikakumbuka maabara. Kemikali yetu haikuonjwa na yeyote. Kila bakteria tuliyempa alikuwa na mkia.

Jumatatu niliwatilia bakteria wasio na mkia, wale ambao jeni yao hatukuigusa, kipimo kile kile. Kesho yake walikuwa wamekufa wote. Nikapunguza kemikali kwa nusu, kiasi ambacho bado kinatosha protini itafunwe, nikawapa wa aina zote mbili, wakastawi wote, wenye mkia na wasio nao. Kumbe protini tuliyoisifu haikuwa na maana yoyote. Kemikali ndiyo iliyoua. Niliona uchungu, maana mkataba nao nilijua umeniponyoka.

Nilimpelekea mkuu sahani zangu za bakteria.

"Nani alikutuma kufanya hii?"

"Hakuna, daktari. Lakini angalia, hawa hawana mkia na wamekufa."

Hakuziangalia. "Wewe unashuku hata kivuli chako. Si tuko na matokeo tayari? Wacha hivyo, bana."

Mwezi ulipoisha sikuitwa ofisini kutia saini mkataba mpya. Nilifunga virago, nikarudi Kanduyi. Wiki chache baadaye mwenzangu mmoja alinitumia ripoti kwa simu, akinipongeza. Ilikuwa vile vile ya mwanzo, bakteria wamekufa wote, na jina langu limetangulia la mkuu. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka miwili, na hakuwahi kunitanguliza hata mlangoni.

Niliandika barua siku hiyo hiyo jina langu litolewe. Mama aliniuliza kama naomba kazi. Nikamwambia hapana, naikataa.