Balbu Mbili za Akiba

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mteja anapoingia hapa na gari lililounguza balbu kwa mara ya tatu. Jana nilikuona ukimfungia yule mama wa gari jeupe balbu mpya ya mbele. Ukamwambia balbu za siku hizi ni feki, naye akashukuru, akasema wiki hii ana safari ya mbali, akaenda zake. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi. Nilinyamaza jana kwa sababu kulikuwa na watu. Leo kazi si nyingi. Kaa hapo kwenye tairi unisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku huku Kawangware, wakati gereji hii ilikuwa kiwanja cha vumbi kilichozungushiwa mabati. Mwenyewe alikuwa Mzee Kioko, fundi wa umeme wa magari, mtu wa kwetu Machakos. Alinipokea nikiwa na mashati mawili na barua ya mjomba wangu. Kila ninachojua kuhusu waya nilikipata kwake. Alikuwa na maneno machache mno, mpaka wateja wengine walidhani ana hasira nao. Mwaka wangu wa pili nikajiona nimeiva. Unajua kijana anavyokuwa watu wazima wakishaanza kumwita fundi. Nilipenda sifa kuliko chai ya saa nne, na usicheke, maana na wewe nakuona.

Siku hiyo Mzee Kioko alikuwa ameenda mjini kutafuta spea. Akaja Baba Achieng, mkazi wa Soweto West kule Kibera, asili yake upande wa ziwani. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea vitanda na makabati ya maseremala wa Ngong Road.

"Fundi, hizi taa zangu zimekuwa koroboi," akaniambia. "Bampa naona, barabara sioni."

Kosa lilikuwa wazi kwa mtu mwenye subira. Ule mng'aro wa ndani ya taa, unaotupa mwanga mbele, ulikuwa umeliwa na kutu. Dawa ilikuwa kumtafutia taa nyingine, hata kama ni za mitumba. Lakini hilo lingechukua siku mbili tatu, na mimi nilitaka aondoke akinisifu siku hiyohiyo. Nikafungua boneti. Karibu na betri kulikuwa na kisanduku cheusi, regulata, ambacho kazi yake ni kuzuia umeme wa altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, usipite kiasi. Zile za zamani zilikuwa na springi ndani, na ukiikaza, umeme unapanda. Nikaikaza kidogo, nikatazama taa, kisha nikaikaza tena.

Zikawaka, mwanangu. Mabati ya ukuta yalimetameta mchana mweupe. Baba Achieng alizunguka mbele ya gari mara mbili akitikisa kichwa.

"Ai! Huyu kijana ni mkali," akawaambia watu waliokuwa wakingoja. "Miaka yote mafundi wakubwa wameshindwa."

Nililala na maneno hayo wiki nzima. Wiki ya pili ilipoisha akarudi, balbu ya kushoto imeungua. Nikamfungia nyingine. Hazikupita siku nyingi ikaungua ya kulia. Nikamfungia hiyo pia, nikamwambia balbu za siku hizi ni feki, atafute zile nzuri. Akaniambia kitu kingine akiwa anapanda gari.

"Na hii betri nayo siku hizi inakunywa maji sana. Najaza, Jumapili nakuta imekauka."

Nilijua. Nataka ulishike hilo, kwa sababu ukinisikiliza vibaya utadhani lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Balbu zinazoungua moja baada ya nyingine na betri inayokauka maji ni ugonjwa mmoja, umeme umezidi. Nilijua, na nilijua ni nani aliyeuzidisha. Lakini kurudisha ile springi kungezirudisha taa kuwa koroboi, na ingenibidi nieleze nilichokuwa nimefanya. Sikutaka kuacha kuwa mkali.

Aliporudi mara ya tatu Mzee Kioko alikuwepo. Akaichukua balbu iliyokufa, akaishikilia juani, akaigeuza pole pole.

"Mutua, umegusa regulata ya hii gari?"

"Sijagusa, mzee."

Akanitazama. Hata leo naweza kukuonyesha mahali aliposimama. "Basi ipime. Mita iko kwa sanduku."

Alikuwa na injini ya mtu mwingine mikononi, na aliniamini. Nikawasha gari, nikaweka mita kwenye betri. Inatakiwa isome karibu volti kumi na nne, kama nilivyokufundisha. Sindano ilipita kumi na tano na haikusimama hapo. Nikazima gari.

"Iko kumi na nne," nikasema.

Mwezi huo Okoth akafariki. Okoth alikuwa mdogo wake Baba Achieng, fundi viatu pale Soweto West, mcheshi sana, na viatu nilivyokuwa nikivaa alikuwa amevishona soli yeye. Aliugua kifua muda mrefu. Alikaa mochari siku nyingi watu wakichangishana, kwa sababu alipaswa kuzikwa kwao, karibu na ziwa, mahali mama yake anapoishi.

Baba Achieng aliingia hapa jioni, jeneza limeshafungwa kwa kamba kwenye pikapu. Watu wengine wa matanga walikuwa wametangulia kwa basi. Macho yake yalikuwa mekundu na shati lake alikuwa amelivaa ndani nje. Sikuthubutu kumwambia.

"Fundi, niangalilie hizi taa vizuri," akasema. "Tutaendesha mpaka asubuhi. Mama hajamwona Okoth miaka minne, na anataka kumwona uso tu, basi. Wale wa mochari wametuambia tumfikishe kabla jua halijapanda. Likipanda, hatutaweza kumfungua."

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Kufungua kile kisanduku na kulegeza springi kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini Baba Achieng alisimama kando yangu na wanaume wawili wa kwao, wote wakinitazama mikono, na nilijua taa zikififia mbele yao wataniuliza. Basi nikafunga balbu mpya, kushoto na kulia. Halafu, kwa vile moyo ulikuwa unanisuta, nikachukua mbili nyingine, nikazifunga kwenye gazeti, nikamwekea mkononi.

"Hizi ni za akiba, Baba Achieng. Sitaki kitu."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, kijana wangu," akasema. Nimebarikiwa na watu wengi tangu siku hiyo, na hakuna baraka iliyoniuma kama ile.

Alirudi baada ya majuma mawili. Ndiyo ile asubuhi ninayokuambia. Alikuja kwa miguu, amekonda, akaomba maji ya kunywa, akakaa kwenye tairi kama ulivyokaa wewe. Akanisimulia bila kunilaumu hata kidogo. Sababu niliijua mimi: wakiwa mjini balbu zilikuwa zikichukua wiki mbili kuungua, kwa kuwa safari zilikuwa fupi. Barabara ndefu ilikuwa jambo lingine, injini inakimbia muda wote na umeme unapanda muda wote. Zile za kwanza, akasema, zilikufa kabla hawajafika Nakuru. Wakafunga za akiba. Walipopita Nakuru nazo zikafa, moja kwanza, kisha ya pili. Maduka yamefungwa, na hakuna gari lililokubali kuwaongoza. Wakakaa kando ya barabara na jeneza mpaka kukapambazuka.

"Tulifika saa nane mchana," akasema. "Wazee wa boma wakakaribia jeneza, wakarudi nyuma. Wakasema lisifunguliwe."

"Na mama?" nikauliza.

"Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu kichwa kiko upande gani. Tukamwonyesha. Akaweka mkono hapo juu ya mbao, akakaa hivyo mpaka wakati wa kuzika."

Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Nilikuja kukushukuru, fundi. Bila zile mbili za akiba tusingefika hata pale tulipokwama."

Alipoondoka nilienda nyuma ya yale mabati nikalia. Mzee Kioko alinikuta huko. Nikamwambia yote, springi, mita, kumi na nne niliyoitunga. Nilitaka anipige. Nilitaka anifukuze, ningepata nafuu. Alifuta grisi mikononi kwa kitambaa.

"Nilikuuliza mara moja," akasema. "Ningekuuliza mara ya pili labda ungesema. Hilo ni langu. Lakini hayo mengine ni yako, na mwenye kuyasikia si mimi."

Nikachukua mita, nikatembea kutoka hapa, nikavuka Ngong Road, nikateremka mpaka Soweto West. Viatu vilikuwa vilevile alivyonishonea Okoth. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa, na picha ya soli aliyokuwa ameichora mlangoni bado ilikuwepo. Nilimkuta Baba Achieng kando ya pikapu yake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kuketi.

Hakunipigia kelele. Watoto walipita wakimwamkia, akaweka mkono juu ya boneti.

"Hiyo kitu inarudishwa vipi?" akauliza mwishowe.

"Nitakurudishia, mzee."

"Rudisha nikiona."

Akafungua boneti mwenyewe, akawasha injini. Nikatoa bisibisi, nikafungua kile kisanduku, nikalegeza springi mpaka mita ikasoma inavyotakiwa. Ilikuwa kazi ndogo sana, mwanangu. Akaingia akawasha taa, akaja mbele kuzitazama. Zilikuwa zimerudi vile vile, hafifu, rangi ya chai ya maziwa.

Nikamwambia nitamtafutia taa nyingine, nitazifunga bure.

"Hapana," akasema. "Hizi nimeenda nazo nyumbani miaka sita. Kila mara zilinifikisha."

Akafunga boneti na kuingia nyumbani. Hakurudi hapa tena. Nilikuwa nikiiona ile pikapu mara mojamoja Ngong Road, nami nilipunga mkono, naye alijibu kwa kuinua kidole kimoja kwenye usukani. Mama yake nilitaka kwenda kumwomba msamaha. Nilichelewa huko pia, alifariki kabla sijaenda.

Sasa sikiliza ninachokutaka. Balbu ikiungua mara moja, mfungie mteja nyingine, usishike kioo chake kwa vidole vyenye jasho. Ikiungua tena, usifikie sanduku la balbu, fikia mita. Pima betri gari likiwa linanguruma. Uliza kuhusu maji ya betri, angalia kama taa imelegea na inatikisika, tazama waya na kutu. Ukiona ni wewe uliyekosea, sema wakati mteja bado amesimama mbele yako, hata kama jana alikuita mkali. Atakukasirikia mpaka jioni, na jioni itapita. Usimpe kitu cha akiba mahali pa ukweli. Mimi nilikitoa bure kabisa, na sijamaliza kukilipia.

Mita iko kwa sanduku, ni ileile ya Mzee Kioko. Mfuate yule mama wa gari jeupe kabla hajasafiri.

Na Mungu akujalie, mwanangu, kila utakayemfungulia hili geti afike anakokwenda mapema, na anayemngoja huko amwone uso.