Kitambaa cha Kompyuta ya Shangazi

Shangazi yangu ni mshonaji. Ukisimama tu mlangoni kwake, kiuno chako keshakijua kwa macho. Lakini kompyuta anaiogopa kama mkwe. Iliachwa na marehemu bintiye, ipo sebuleni karibu na cherehani, kasha lake limefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya buluu alichokitarizi binti mwenyewe.

Jumamosi aliniita. Stashahada yangu ya kompyuta niliiachia njiani, ndiyo maana ananiita Nusu Fundi.

"Nusu Fundi, inakokota miguu, halafu inajizima. Nataka kumsikia mwanangu mpaka mwisho."

Kabla ya kwenda hospitali, binti alimrekodia mama yake somo la dakika sita: namna ya kutumia mashine. Shangazi hakulisikiliza, alijua mwalimu atarudi. Hakurudi. Sasa ni mwezi wa nane tangu afariki, analisikiliza kila asubuhi, na kila asubuhi mashine inakata dakika ya nne.

Kwanza niliinakili sauti kwenye flashi na kwenye simu yangu, maana najijua. Nikamwambia asikilizie kwenye simu hiyo.

"Hiyo yenye nyufa kama kisigino? Mwanangu alikaa hapa. Nitamsikia hapa."

Nikaondoa programu kumi na moja zilizokuwa zikijiwasha bila kuitwa, nikafuta mafaili ya taka. Mashine ikachangamka, nami nikavimba kichwa. Akabonyeza.

"Mama, usiogope, haing'ati..."

Dakika ya nne, giza.

"Dawa yake ilikuwa kwenye ile nusu uliyoikimbia," akasema. Hakucheka.

Nikaligusa kasha. Moto kama pasi! Nikapitisha mkono nyuma, feni inapotolea hewa. Kitambaa kilikuwa kimeteremka mpaka chini, kimeziba kote.

"Shangazi, ukiwasha huwa unakivua hiki?"

"Nikivue? Si alikishona kwa ajili yake?"

"Joto halina pa kutokea. Ikizidiwa inajizima isiungue."

Akakitazama kitambaa. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namkatiza."

"Na vumbi pia," nikasema haraka. Vumbi lilikuwepo, ila si kwa kiasi nilichokitilia chumvi. Nikafungua kasha, nikaipangusa feni kwa brashi mpya ya rangi, taratibu, ili nipate sababu ya kutomtazama.

Kitambaa alikivua mwenyewe, kama anayemvua shati mtoto aliyesinzia. Akakikunja mapajani.

Tukawasha. Dakika ya nne ikapita. Ya tano. Nilikuwa na mzaha mdomoni, nikaumeza.

"...Na kitambaa changu, Mama, ni cha kufunikia ikiwa imezimwa. Ukiwasha, kivue, isije ikakosa pumzi. Najua utasahau." Binti akacheka. "Usijali, nitakukumbusha."

Kimya. Somo limekwisha.

Shangazi akakikunjua kitambaa, akajifunika nacho uso. Mabega yakaanza kutikisika. Feni ilikuwa ikizunguka vizuri kabisa.